Ziwani hadi Baharini kwa Probox, na "Naomba" Niliyorudi Nayo

Wiki ya tatu hii tangu turudi, na juzi asubuhi nilichekwa katika hoteli ninayonywea chai mwaka wa kumi na tano sasa. Ni hoteli ndogo nyuma ya stendi ya matatu hapa Nakuru, viti vya plastiki, redio juu ya friji. Nilikaa pale pangu, kijana akaja na kitambaa begani, nikamwambia, "Habari ya asubuhi. Naomba chai ya maziwa na chapati mbili." Akanikodolea macho. Kisha akageukia dirisha la jikoni akaita, "Chai moja hapa ya mzee wa Tanzania!"

Wateja wote wakageuka kumtafuta huyo Mtanzania.

Ananijua vizuri, yule kijana. Miaka yote hiyo naingia nasema "Lete chai," naye analeta, tunaelewana. Hiyo "naomba" niliiokota njiani, na sasa imenikwama kooni kama mwiba wa ngege.

Inafaa nieleze kwamba mimi ni mtoto wa landi. Baba alifanya kazi ya reli, na sisi tulilelewa katika nyumba za reli hapa Nakuru, mlango kwa mlango na Waluo, Wakamba, Waluhya na Wakikuyu, mpaka Kiswahili kikaingia ndani ya nyumba yetu na kukaa. Lugha ya mama kwa mama yetu ilikuwa nyingine, lakini aliyetuchapa alituchapa kwa Kiswahili. Kwa hiyo nilipokuwa nikisikia watu wa pwani wakikicheka Kiswahili cha bara, sikujihesabu humo. Nilidhani wanawasema wengine, wale waliojifunza ukubwani. Mimi chetu nimezaliwa nacho.

Safari yenyewe aliianzisha kaka yangu mkubwa. Alifuata nyayo za mzee, akaingia reli, akaishia Kisumu, na sasa amestaafu na anakaa huko huko. Alikuwa na wazo lake moja: aende kwa barabara mpaka Mombasa aione stesheni ya kwanza, pale reli ilipoanzia. Mke wangu aliposikia akasema kama ni Mombasa basi ni Lamu, kwa sababu tangu tuoane namwahidi Lamu na hajaona hata picha niliyompigia. Kaka alitaka stesheni, mke wangu alitaka Lamu, mimi nilitaka duka langu. Nauza misumari, mabati, simiti, nondo, waya za kufungia. Mtu wa duka la namna hiyo akifunga siku kumi wateja humhesabu marehemu.

Nilisema basi kaka aje Nakuru tumchukue hapa, maana hapa ni njiani. Akakataa katakata. "Tunatoka ziwani tunaenda baharini. Hatuanzii katikati kama watu wa kudandia." Ikabidi niendeshe Probox yangu mpaka Kisumu, tulale kwake, ili kesho yake nirudi kwa njia ile ile niliyotoka nayo. Hasara ya petroli ya siku mbili kwa ajili ya sentensi moja. Lakini asubuhi, saa kumi na nusu, alituteremsha Dunga kwanza, pale ufukweni mwa ziwa, akachovya mkono majini kwenye giza, akajipangusa kwenye suruali, akasema, "Haya, washa." Sikumcheka.

Ahero kulikuwa na ukungu juu ya mashamba ya mpunga. Kericho ilikuwa kijani mpaka inachosha macho. Njia panda ya Londiani tulipunguza mwendo wote bila kuambiana, kwa sababu ya ile jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipowavamia akina mama waliokuwa wakiuza vitu kando ya barabara na abiria waliokuwa wakingoja magari. Zaidi ya watu 50 walikufa pale. Kutoka Mau Summit kushuka Sachangwan hadi Salgaa ni hivyo hivyo, kila kona ina kumbukumbu yake. Januari 2009 lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, watu wakaenda kuchota, moto ukawakuta. Ninaishi karibu na barabara hii na ninaitumia kila mwezi, lakini sijawahi kuipita nikiwa na nafasi ya kuifikiria. Ukiwa na haraka ya kwenda kuchukua mzigo, unachofikiria ni lori lililo mbele yako.

Tulilala kwangu, kisha tukafanya ujinga ambao naomba asiurudie mtu: Nakuru hadi Mombasa kwa siku moja. Ni kama kilomita 640. Nilijiambia tukiondoka saa kumi alfajiri, jua likitua tunakula samaki Mombasa. Nairobi tuliipita kando, kwa Southern Bypass, na hadi Emali mambo yalikuwa sawa. Baada ya hapo sindano ya joto ikaanza kupanda. Kaka, ambaye maisha yake yote ameishi na injini, akasema, "Mpira wa rejeta huo." Nikasema bado una nguvu, niliubadilisha juzi. Juzi yenyewe ilikuwa mwaka juzi. Kabla tu ya Makindu ukapasuka na gari likachemka, mvuke ukifunika kioo chote.

Fundi alipatikana, mpira ukapatikana baada ya kusubiri sana, na katika kusubiri kaka akatupeleka kwenye hekalu la Masingasinga pale Makindu. Yeye alilijua kwa habari za reli. Makindu ilikuwa kituo kikubwa wakati wa ujenzi, na Masingasinga waliofanya kazi ya reli walikuwa wakisali hapo. Hekalu lenyewe lilijengwa mwaka 1926. Mpaka leo msafiri yeyote akiingia analishwa bila malipo, awe wa dini yoyote. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaosha mikono, unakaa. Mke wangu alijitanda leso, mimi nikapewa kitambaa cha rangi ya chungwa ambacho kilinifanya nionekane kama shabiki wa chama fulani cha siasa.

Tulikuwa na njaa. Walituletea chapati na dengu na chai nzito yenye viungo, na dengu ile ilikuwa tamu kiasi kwamba nilisahau nilipo. Mzee mmoja mwenye kilemba na ndevu nyeupe alikuwa akizunguka na ndoo ya dengu na upawa. Nikamwinulia kidole kama ninavyomwinulia yule kijana wa Nakuru: "Mzee, leta chapati mbili zaidi, na dengu."

Akaleta. Akainama, akaniwekea, akatabasamu, akaenda kwa mwingine.

Tulipotoka kwenda kuchukua gari nilimwona nje. Ameshavaa viatu, amesimama kando ya Land Cruiser nyeupe ambayo ukiiuza unanunua duka langu na la jirani, na dereva anamfungulia mlango. Kaka akaniambia kwamba hao wanaogawa chakula ndani si wafanyakazi, ni waumini wanaokuja kutumikia. Nilihisi masikio yakipata moto. Mke wangu hakusema kitu, na nimekaa naye miaka ishirini na mbili, kwa hiyo najua asiposema kitu anahifadhi.

Kuanzia Mtito Andei ni Tsavo, mbuga kushoto na mbuga kulia, barabara imeikata katikati. Tulipoteza saa tatu kwa ule mpira, ndiyo maana jua lilituchwea humo, lakini pia ndiyo maana tuliwaona tembo. Walikuwa karibu na tuta la reli mpya, wekundu kama matofali ya kuchoma kwa vile wanajipaka udongo wa pale. Kaka alikuwa akisimulia habari za simba wa mwaka 1898 waliowala wajenzi wa daraja la Tsavo, akanyamaza katikati ya neno. Hatukusimama muda mrefu. Malori usiku kwenye barabara ile hayana mchezo, na taa zao nyingine ni za kukisia. Mombasa tuliingia karibu saa sita usiku, hakuna aliyekula samaki. Siku ya kurudi tulilala Voi, na hivyo ndivyo ningepaswa kufanya tangu mwanzo.

Asubuhi ndiyo ya mahamri.

Tulikuwa tumelala nyumba ya wageni karibu na Mji wa Kale. Nikatoka na mke wangu kutafuta kiamsha kinywa, tukafuata harufu ya iliki mpaka kwenye kibaraza ambapo mama mmoja wa umri wa mama yangu alikuwa ameketi. Mbele yake sufuria ya mbaazi za nazi, kando kikapu cha mahamri kimefunikwa leso. Watu watatu wanne wamesimama. Nikasogea nikasema, kwa Kiswahili changu cha kuzaliwa nacho: "Nipe mahamri sita na mbaazi."

Akamhudumia mwanamke aliyekuwa kando yangu. Nikadhani hakusikia. "Mama, nipe mahamri sita." Akamhudumia mwingine. Kisha akaweka upawa chini taratibu, akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akauliza:

"Mwanangu, mimi na wewe tumelala pamoja?"

Sikuelewa kwa nukta nzima. Mke wangu alielewa papo hapo, akageukia ukuta, mabega yanamtetemeka kwa kicheko. Kwamba kama hatukulala pamoja, basi ndiyo tunaonana sasa, na watu wakionana asubuhi huamkiana.

"Shikamoo, mama," nikasema. Neno lenyewe mara ya mwisho nililitumia darasa la nne.

"Marahaba. Umeamkaje?"

Na hapo hakuwa na haraka. Akauliza tumetoka wapi, nikasema Nakuru, akauliza huko kuna baridi, nikasema ipo, akasema aliwahi kupita kwa treni akiwa msichana, usiku, na hakuona kitu ila baridi. Wakati huo nyuma yangu amekuja mtoto wa kiume, miaka minane hivi, kofia ya madrasa kichwani na sahani mkononi. Akasema kwa pumzi moja, "Shikamoo bibi, mama yuwakusalimu, asema naomba uniuzie mahamri kumi." Akapewa kumi na moja. La kumi na moja alilila papo hapo.

Niliyafikiria sana maneno ya yule mtoto: naomba uniuzie. Pesa anazo, zimekunjwa kwenye kiganja. Haombi msaada. Hata hivyo anaomba auziwe, kana kwamba yule bibi angeweza kukataa, na ukweli ni kwamba angeweza, mimi nilikuwa ushahidi. Dukani kwangu kwa siku nzima sisikii kitu ila "toa", "weka", "leta", "pima", na mimi mwenyewe nawarudishia vijana wangu hivyo hivyo. Tulipokaa kula, mke wangu akatoa alichokihifadhi tangu Makindu. "Baba, wewe huongea na watu kama unaagiza simiti." Mahamri yalikuwa bado ya moto. Nilijitetea kwamba bara ndivyo tunavyosema, hakuna anayekasirika, "lete" ya Nakuru haina ubaya ndani. Na bado naamini hivyo, kwa kiasi. Mtu wa Nakuru akikuambia "niaje, leta chai" anaweza kuwa amekupenda kuliko anayekuambia "naomba" huku anakudharau. Lakini yule mzee wa Makindu alinijia kichwani na upawa wake, nikaacha kujitetea.

Kaka alienda stesheni yake peke yake kwanza, kisha akatuita. Ile stesheni ya zamani, ya reli ya mita, ambayo treni ya abiria ya Nairobi haijaondoka tangu 2017 ilipoanza reli mpya kule Miritini. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na Desemba 1901 chuma kikafika ziwani, Kisumu. Nilitarajia atoe hotuba. Alishika tu wavu wa uzio kwa vidole, akaangalia ndani kwa muda, halafu akasema, "Mzee alifika hapa mara moja tu. Alileta injini." Tukaenda kunywa kahawa chungu.

Mombasa hadi Malindi sitaieleza, ni barabara ya watalii na kila mtu ameshaieleza. Kutoka Malindi hadi Garsen nchi inakauka na watu wanapungua. Ukivuka Tana inarudi kuwa ya kijani, Witu ina miembe mikubwa kama nyumba. Sasa ni lami mpaka mwisho. Vizuizi ni vingi na kitambulisho tulikitoa mara tano. Katika kizuizi cha tatu nilianza kusema "Afande, habari ya kazi" kabla hajaniuliza kitu, na mke wangu akaandika hilo kwenye daftari lake la kichwani.

Mokowe unaliacha gari, unapanda boti kwenda kisiwani. Gati limejaa watu, mizigo, na kelele. Nahodha, kijana mwembamba aliyefunga kikoi, amesimama ukingoni mwa boti, mkono mmoja ameunyoosha kwangu, anaita: "Ndoo! Ndoo, mzee, ndoo!"

Nikatazama ndani ya boti. Kweli chini kulikuwa na maji, ya kufika kifundoni. Nikafikiri, huyu anazama na anaomba msaada. Kando ya miguu yangu kulikuwa na ndoo ya plastiki ya mtu. Nikaiinua nikampa.

Akaipokea. Akaitazama ile ndoo, akanitazama mimi. Mwenye ndoo naye akanitazama. Mzee mmoja aliyekuwa ameshakaa ndani ya boti na magunia yake ndiye aliyetuokoa. "Akwambia njoo, bwana. Ingia." Na wakati tunavuka akanifundisha, bila dharau hata chembe, kwamba kwao njoo ni ndoo, njia ni ndia, njaa ni ndaa, moja ni moya, macho ni mato. Nilikumbuka mashairi ya kale tuliyokaririshwa shuleni. "Ndia" ilikuwa humo, na mwalimu wetu alituambia ni tabdila, mshairi amebadilisha neno kwa uhuru wake. Nami nikalikariri hivyo, nikapata alama. Kumbe mshairi hakubadilisha kitu, aliandika kama anavyomwita mwanawe nyumbani.

Nilicheka nao, lakini kuna kitu kilishuka tumboni. Nimekimiliki Kiswahili miaka arobaini na saba, na hapa neno jepesi kuliko yote, neno la kumwita mtu, nimelijibu kwa ndoo.

Lamu tulikaa siku tatu. Sitaeleza milango, ameshaeleza mke wangu kwa kila mtu wa mtaa wetu hapa Lanet. Nitasema tu kwamba vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba ukikutana na punda mwenye mchanga mgongoni lazima mmoja arudi, na huwa si punda. Na katika wembamba huo huwezi kupishana na mtu bila kumsalimu, kwa kuwa mnakaribia kugusana. Siku ya pili nilikuwa nasalimu kabla ya kusalimiwa. Siku ya tatu muuza samaki aliniuliza kama nina ndugu Lamu. Alikuwa ananichangamkia ili ninunue, najua, mimi pia ni mchuuzi. Nilinunua.

Kurudi hakuna hadithi. Probox haikusumbua tena. Hesabu ya kilomita tangu nilipoondoka Nakuru hadi niliporudi ilikuwa 2,487. Kaka alishuka Nakuru akapanda matatu ya Kisumu, akakataa nimpeleke, na begani alikuwa na chupa ndogo ya maji ya bahari aliyoijaza Mombasa. Jioni alinipigia simu kusema ameimwaga Dunga, na kwamba mvuvi mmoja amemuuliza kama ni dawa.

Wiki ya kwanza niliamka saa kumi kila siku, mwili ukingoja kupigiwa honi. Vijana wa kuosha magari walitoa mchanga mwekundu chini ya mikeka na kuniuliza nilikuwa nalima wapi. Dukani nilimwambia mfanyakazi wangu, "Naomba unipe ile spana," akaniletea, kisha akaenda kumuuliza mke wangu kando kama nina mpango wa kumfuta kazi. Ilinichukua siku nzima kumtuliza.

Jana mchana kaingia mteja, fundi wa mjengo, simiti mpaka kwenye nyusi. "Lete misumari ya inchi tatu, kilo mbili."

Sikujibu. Nilisimama tu, mikono juu ya kaunta, nikimtazama kwa upole niliodhani ni wa yule mama wa mahamri. Nilikuwa na lile swali tayari mdomoni.

Akangoja kidogo. Akaegemea mbele, akaniangalia sikio la kulia, halafu la kushoto. Kisha akapaza sauti, polepole, kama mtu anayemsaidia mzee: "MISUMARI! INCHI TATU! KILO MBILI!"

Nikampimia.